Mazoezi ya mguu mmoja kwa goti linalouma na kifundo cha mguu kilichokaza

Mkuu, umesema goti la kulia linauma ukishuka ngazi, visigino vinanyanyuka ukichuchumaa, na skwati (kuchuchumaa na kuinuka) umepiga sana bila kuona mabadiliko. Nimepitia hali kama hiyo. Kilichonisaidia ni kupima kila mguu kivyake, na kuanzia chini ya goti.

Kwenye skwati ya miguu miwili, mguu wenye nguvu humbebea mwenzake mzigo na wewe usijue. Ukisimama kwa mmoja, udhaifu hauna pa kujificha.

Anza na kifundo. Elekea ukuta, dole gumba likiwa kama sentimita 10 kutoka ukutani, sukuma goti mbele liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Kwangu, mguu wa goti bovu haukufika kabisa. Wa pili uligusa bila taabu. Hapo nikaelewa: kifundo kisipokunja, mwili hutafuta njia nyingine. Ama kisigino kinapanda, ama unyayo unalalia ndani na goti linaufuata. Kipimo hichohicho kifanye zoezi, taratibu, mara 10 hadi 15 kila mguu, goti likielekea usawa wa kidole cha pili.

Halafu vigimbi. Simama ukingoni mwa kidaraja cha ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta, teremsha kisigino, kisha panda. Fanya seti (mizunguko ya marudio) za goti lililonyooka na seti za goti lililokunjwa kidogo. Kuna misuli miwili pale: wa nje unavuka goti, wa ndani hauvuki, kwa hiyo ukikunja goti kazi kubwa inaangukia ule wa ndani. Wengi huiruka hii ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayokuhusu zaidi.

Sasa zoezi ninaloliamini kuliko yote: kushuka kidaraja. Simama juu ya kitu imara chenye kimo cha sentimita 10 hivi, mguu mmoja ukining'inia pembeni. Kunja goti la mguu uliosimama kwa sekunde 3 au 4 mpaka kisigino cha mwenzake kiguse sakafu kidogo tu, usikiegemee, kisha rudi juu. Jitazame kwenye kioo. Goti likiingia ndani, au nyonga ya upande unaoning'inia ikidondoka, misuli ya pembeni ya makalio haijaweza kazi yake. Punguza kimo badala ya kulazimisha. Ukimudu seti 3 za mara 8 bila kuyumba, ndipo uongeze kimo, taratibu hadi 20.

Siku 3 kwa wiki zinatosha, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Tangulia na mguu dhaifu, na idadi utakayoiweza hapo ndiyo uupe mguu imara, hata kama unatamani kuendelea. Hili watu hulidharau, na tofauti ya miguu inabaki palepale.

Maumivu madogo, tuseme 3 kati ya 10, yanayotulia kufikia kesho yake, si ya kukutisha. Yakizidi hapo, rudi hatua moja nyuma. Lakini goti likivimba, likikwama katikati ya mkunjo, au likilegea ghafla ukitembea, simamisha mazoezi na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza.