Muulize Mjomba: Kyrgios ni kipaji kilichopotea au tunamuonea?

Wiki hii nilijua mtaniuliza habari za Dodoma Jiji kama kawaida, kumbe mmehamia kwenye tenisi, na karibu wote mnamtaka mtu mmoja. Haya twende.

*Mjomba shikamoo. Hapa kijiweni kwetu Area D tumebishana kuhusu Nick Kyrgios, yule mcheza tenisi wa Australia, mpaka kahawa imepoa. Jamaa wanasema yule ni kelele tu, hajachukua hata Grand Slam moja (yale mashindano manne makubwa ya tenisi, Wimbledon ikiwemo) akicheza peke yake, sasa kipaji kiko wapi? Mimi nasema jamaa ni noma, ila hasira ndo zimemmaliza. Nani yuko sahihi? – Kijana wa Area D*

Marahaba mjomba. Wenzako wamekosea sana, na wewe umekosea kidogo.

Tuanze na hao wenzako. Waambie Wimbledon 2014 huyu dogo alikuwa na miaka 19, namba 144 duniani, kiwango hicho hata kuingia pale ni kwa mwaliko wa waandaaji, basi kwenye raundi ya pili akakutana na Richard Gasquet, akafikishwa mara 9 kwenye pointi moja tu ya kufungwa, zote 9 akachomoka nazo akashinda. Siku chache baadae kakutana na Rafael Nadal, namba moja wa dunia, akamtoa. Mwaka uliofuata kule Madrid akakutana na Federer kwa mara ya kwanza, kamfunga, seti zote tatu ziliishia kwenye taibreki, lile gemu la kuamua seti ikifika 6-6. 2017 Acapulco, Mexico, mara ya kwanza na Djokovic, kamfunga na yeye. Yani miamba mitatu yote, kila mmoja alipokutana nae mara ya kwanza alilala. Mwingine aliyewahi kufanya hivyo ni Lleyton Hewitt tu, na huyo alikuwa namba moja wa dunia. Sasa mtu anasema kelele? Kelele haimtoi Nadal.

Na ile sevu yake, yani pigo la kuanzisha pointi, muitazame vizuri mkipata bando, haina maandalizi marefu, anarusha mpira chini chini, mkono unapita kama anafukuza inzi na mpira umeshafika kwa mwenzake, hajajua uende kulia au kushoto. Alafu muda wowote anaweza kukupigia sevu ya chini ya mkono kama mtoto anayejifunza, wewe umesimama nyuma huko unasubiri kombora.

Sasa wewe mjomba. Hasira peke yake hazimmalizi mtu. John McEnroe alikuwa na mdomo kuliko huyu, 1990 Australia alifukuzwa kabisa kwenye mashindano katikati ya mechi, na bado ana Grand Slam 7 za mmoja mmoja. Hasira alikuwa nazo ila mazoezini alikuwepo na mechi ndogo alizitaka. Kyrgios shida yake ilikuwa siku za kawaida. Mpe Nadal na uwanja umejaa, utaona moto. Mpe jamaa asiyejulikana, mchana wa Jumatano, watu wachache wanakula karanga, pale ndo kichwa kinaondoka.

Shanghai, Oktoba 2016. Ametoka kuchukua taji Tokyo wiki iliyopita, mwezi huo huo ndo alifika namba 13 duniani, juu kuliko popote alipowahi kufika. Anacheza na Mischa Zverev, anapiga sevu nyepesi kama anampasia mtu alafu anaanza kutembea kwenda kwenye kiti chake kabla mpira haujarudi. Kafungwa 6-3, 6-1, dakika 48 kwisha habari, watu wamelipa kiingilio. Akapigwa faini, akafungiwa wiki 8, ila wakamwambia ukienda kumuona mwanasaikolojia zinakuwa 3, akakubali. Pale sioni hasira, naona mtu asiyetaka kuwepo.

Na miaka mingi amecheza bila kocha wa kudumu. Hili ndo mimi linaniuma. Angalia fainali yake ya Wimbledon 2022 na Djokovic, seti ya kwanza kachukua 6-4, ya pili kapoteza, ya tatu wako 4-4 na yeye ndo anapiga sevu, anaongoza 40-0, yani pointi moja tu gemu liwe lake. Mtu mwenye sevu ile akiwa 40-0 wewe unaweza kwenda kuchemsha chai. Akapoteza pointi moja, akageuka kuwafokea watu wake waliokaa jukwaani, kapoteza nyingine, anafoka tena, kwamba hawamshangilii vya kutosha, mpaka gemu likaenda. Jukwaani kuna baba yake, mpenzi wake na marafiki, sasa hao wamwambie nini kuhusu sevu ya pili? Djokovic upande wa pili yuko kimya anasubiri. Akashinda 4-6, 6-3, 6-4, 7-6. Kwangu mimi fainali ile iliondokea hapo kwenye 40-0.

Kwa hiyo kijiweni waambie hivi, mataji 7 ya mmoja mmoja, fainali moja ya Grand Slam, na Australian Open ya wawili wawili 2022 akiwa na rafiki yake Thanasi Kokkinakis. Kwa mchezaji mwingine tungesema hongera. Kwa huyu tunasikitika, na sikitiko lenyewe ni ushahidi kwamba kipaji kilikuwepo.

*Kaka Mjomba habari za kazi. Mwanangu ana miaka 13, anapenda sana tenisi, nilimtafutia raketi ya mtumba Sabasaba. Juzi kapoteza mchezo akaibamiza chini ikapasuka fremu. Nikimgombeza ananijibu mama mbona Kyrgios anavunja na hafanywi kitu. Nimejibu nini? Sikujua cha kujibu! – Mama wa Nkuhungu*

Salama dada, pole na raketi.

Anafanywa sana tu, mwambie. Tenisi ina ngazi yake, kosa la kwanza onyo, la pili anapewa pointi mpinzani, la tatu mpinzani anapewa gemu zima, na ukiendelea msimamizi mkuu anaweza kukutoa. Rome 2019 huyo huyo Kyrgios alikuwa seti ya tatu na Casper Ruud, kaadhibiwa gemu, akachukua kiti akakitupa katikati ya uwanja, akabeba begi. Mechi ikaishia hapo, mwenzie akapita. Miezi mitatu baadae Cincinnati, Marekani, anacheza na Karen Khachanov, ameomba kwenda chooni amekataliwa, akatoka hivyo hivyo akaenda kuvunja raketi mbili kwenye korido, na mwamuzi naye akatukanwa. Ile siku moja ilimtoka dola 113,000, kwa shilingi ya wakati ule ni zaidi ya milioni 250. Na raketi zake anapewa bure na kampuni, za mwanao umenunua wewe.

Ila dada kuna kingine, na hiki mwambie akiwa ametulia. Kyrgios mwenyewe 2022 aliandika hadharani kwamba mwaka ule 2019 alikuwa vibaya sana kichwani, anajiumiza, anakunywa, hataki kuamka kitandani, wakati sisi huku tunacheka klipu zake. Na Februari 2023 mahakamani Canberra alikiri kumsukuma chini aliyekuwa mpenzi wake mwaka 2021, hakimu hakumwandikia hatia lakini kukiri alikiri. Sikutajii ili mtoto amchukie, mwache apende ile sevu, ila ajue klipu haionyeshi yote.

Raketi nyingine usikimbilie kununua. Aazime kwa wenzake, apange foleni, mwezi au zaidi. Na umuulize kocha wake kama huwa wanahesabu onyo mazoezini, kama hawahesabu waanze, pointi inauma mtoto kuliko makofi.

*Mjomba, ni kweli Kyrgios ni wa Sydney? – Msomaji, Kondoa*

Hapana, Canberra, baba Mgiriki na mama mwenye asili ya Malaysia. Canberra ndo makao makuu ya Australia, mji uliojengwa bara ndani kwa ajili ya serikali, na wageni wengi bado wanadhani makao makuu ni Sydney. Sisi wa Dodoma hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Alipenda kikapu kwanza, tenisi akaichagua akiwa na miaka 14 hivi.

*Mjomba nimesikia alifika fainali Wimbledon alafu akashuka kwenye viwango. Hiyo inawezekanaje au mnatupiga? – Fundi simu, Majengo*

Hatukupigi fundi. 2022 Wimbledon iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita ya Ukraine, mashirika yanayosimamia viwango yakajibu kwa kusema basi mwaka huu hakuna pointi hata moja pale. Na pointi za tenisi zina muda, zile za zamani zinafutika na kama hujaziba pengo unashuka. Kwa hiyo jamaa kacheza mpaka fainali, pesa kapata, pointi sifuri. Hata nusu fainali hakucheza, Nadal aliumia misuli ya tumbo akajitoa. Miezi miwili baadae US Open akamtoa Daniil Medvedev aliyekuwa namba moja na bingwa mtetezi, huko pointi zilikuwepo, lakini robo fainali akafungwa na Khachanov yule yule wa Cincinnati, seti tano. Alimpa mkono kwanza, alafu ndo akavunja raketi mbili. Mwaka 2023 goti likafanyiwa upasuaji, kifundo cha mkono nacho kikafuata, akacheza mechi moja tu ya mmoja mmoja mwaka mzima, na hapo ndo viwango vikaporomoka kwelikweli, safari hii bila mwamuzi wa kumlaumu.