CX-5, RAV4 au Vezel: maswali yenu kuhusu mafuta na thamani ya gari

Tangu niandike kwamba naendesha Mazda CX-5 ya petroli ya mwaka 2015, maswali yamekuwa mengi. Wengi wenu ndio kwanza mmetoa SUV ndogo bandarini au mnakaribia kutuma pesa Japani. Leo nachukua sita. Kwa wengi hii ndiyo fedha kubwa kuliko zote watakazotoa baada ya nyumba, kwa hiyo nitasema wazi ninachokiamini.

Nimepokea CX-5 ya petroli, cc 2000. Tangazo lilisema lita moja inakwenda kilomita 16. Mimi napata 9. Nimepigwa? (Msomaji wa Kimara)

Hujapigwa, ndugu yangu. Ile 16 ni kipimo cha Japani kinachoitwa JC08. Gari linapimwa ndani ya maabara, matairi yakizunguka juu ya roli, bila foleni ya Ubungo na bila kiyoyozi cha saa nane mchana. Magari mapya zaidi yamepimwa kwa WLTC, kipimo kikali kidogo, hivyo namba zake huwa ndogo. Usichukue tangazo la gari la 2014 ukalilinganisha na la 2019 kana kwamba limepimwa kwa rula moja.

Langu linanipa 9 na nusu hadi 10 kati ya Goba na Posta. Nikienda Morogoro kwa mwendo wa 80 hadi 90, nafika 13, siku nyingine 14. Kwa Kimara, 9 ni ya kawaida.

Ila nakuuliza: hiyo 9 umeipataje? Kama ni kwa kuweka mafuta ya elfu hamsini na kuangalia mshale, bado hujapima. Fanya hivi. Nenda sheli, jaza mpaka bomba lijikate lenyewe, usiongeze hata tone. Rudisha trip, ile hesabu ya kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Tembea siku zako kama kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena mpaka ijikate. Mara ya mwisho nilikuwa nimetembea kilomita 412, nikaingiza lita 38.6. Gawanya 412 kwa 38.6, unapata 10.7. Rudia mara tatu ndipo uniambie gari lako linakulaje.

Ukipata chini ya 8 mara zote tatu, anza na vya bei nafuu: upepo wa matairi kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, filta ya hewa, plagi, halafu breki zinazokaba. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki yake haiachii, na hapo ndipo mafuta yako yanapopotelea.

CX-5 ya dizeli, ile ya lita 2.2, inasifiwa sana kwa nguvu na mafuta. Kila siku natoka Tabata kwenda Kariakoo na kurudi. Ninunue? (Msomaji wa Tabata)

Kwa safari hiyo, dada, usinunue. Nasema hivyo ingawa naipenda sana ile injini. Inavuta vizuri, inapanda mlima bila kulia, na kwenye vipimo vya JC08 ilipata 18.6 kwa lita dhidi ya 16 ya petroli.

Tatizo ni masizi. Gari lina filta ya kukusanya masizi ya moshi, ambayo mafundi huiita DPF. Ikijaa, injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili kupandisha joto na kuyachoma, na kazi hiyo inahitaji gari litembee mfululizo kwa muda. Wewe ukianza tu kuyachoma umefika Buguruni, umesimama. Kesho hivyo hivyo. Filta inaziba, na ile dizeli ya ziada inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Vuta kijiti cha kupimia oili cha CX-5 ya dizeli uone. Juu ya alama ya kiwango cha kawaida kuna alama nyingine, X. Mazda wameiweka kwa sababu hiyo: oili ikipanda mpaka pale, imechanganyika na dizeli na inatakiwa kumwagwa. Wenye magari wengi hufurahi wakiona oili haipungui. Kwenye injini hii, oili inayoongezeka ni ya kuogopwa. Ukienda kukagua gari la dizeli kwa mtu, kijiti hicho ndicho cha kwanza kukivuta, kabla hujaangalia viti.

Njoo kwenye fedha. Dizeli ina cc 2,188 na petroli cc 1,997. Kwa viwango vya ushuru wa bidhaa vya Tanzania ninavyovifahamu, gari la cc 1,001 hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi hapo asilimia 10. Kodi nyingine zinapanda juu yake. Tuseme mwishowe dizeli imeizidi petroli kwa shilingi milioni 5, nawe unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Petroli kwa kilomita 10 kwa lita itakula lita 100. Dizeli kwa 13 itakula 77. Umeokoa lita 23. Kwa urahisi wa hesabu weka lita moja shilingi 3,000 kwa mafuta yote mawili (bei halisi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi): ni shilingi 69,000 kwa mwezi, 828,000 kwa mwaka. Milioni 5 zitarudi baada ya miaka sita, na hapo hujasafisha filta hata mara moja.

Mtu anayekwenda Dodoma kila wiki nitamwambia kinyume kabisa. Yeye aichukue dizeli, aiwekee oili sahihi, na itamtendea haki.

4WD inaongeza ulaji kiasi gani? (Msomaji wa Usa River)

Kidogo sana kuliko watu wanavyosema. Kwenye JC08, CX-5 ya petroli inayosukumwa na magurudumu mawili ilipata 16.0, inayosukumwa na yote manne (4WD) 15.6. Kama njia ya kwako inageuka tope wakati wa masika, chukua manne na usijute. Badilisha tu matairi yote kwa pamoja, yalingane.

Kaka, nimekwama kati ya Honda Vezel na CX-5. Gari ni la mke wangu, kupeleka watoto shule Nyali na kurudi. (Msomaji wa Mombasa)

Kwa kazi hiyo mimi nachukua Vezel. Ina cc 1,496, na Kenya mstari wa ushuru wa bidhaa umepigwa kwenye cc 1,500, kwa hiyo unaanza kuokoa ukiwa bado bandarini. Kumbuka pia sheria yenu ya miaka minane: gari la zamani kuliko hapo haliingii, basi angalia mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza kabla ya kutuma pesa.

Sasa haibridi, yaani ya petroli na umeme, au ya kawaida? Haibridi inang'ara palepale kwenye simama-nenda, maana mota ya umeme ndiyo inayosukuma mwendo mdogo. Lakini Vezel haibridi za mwanzo zina gia za klachi mbili, na Honda waliyarudisha magari hayo kwa marekebisho huko Japani mwaka 2014. Muombe muuzaji ushahidi kwamba gari lako lilifanyiwa. Ukilijaribu, lipeleke kwenye kilima, simama, kisha anza taratibu kwenda mbele na kurudi nyuma. Likishtuka au kutetemeka, liache. Kama hamna fundi wa haibridi mnayemwamini, Vezel ya petroli tupu itawapa usingizi mzuri zaidi.

RAV4 bei iko juu mno. Kweli thamani yake ipo, au tunalipia jina? (Msomaji wa Mwanza)

Mnalipia jina, na jina hilo mtaliuza. Mwenye gari anahesabu alichotoa na kusahau atakachorudishiwa. Tuseme RAV4 umeinunua milioni 45 na baada ya miaka minne ukaiuza 35. Jirani kanunua gari jingine kwa 38, akaliuza 25. Wewe umepoteza 10, yeye 13, ingawa siku ya kwanza yeye ndiye aliyeonekana mjanja. Dalali wa Toyota hapigi simu nyingi. Spea unazikuta mpaka wilayani, na fundi yeyote ameshaifungua.

Angalia mambo mawili tu. RAV4 ya cc 2,500 inaingia kwenye asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa, wakati ya cc 2,000 inabaki kwenye 5. Na umri: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, la zaidi ya 10 huongezewa 30. Ndiyo maana gari lililo rahisi Japani mara nyingi si rahisi likifika Dar es Salaam. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, mtandaoni kabla hujamjibu muuzaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu. CX-5 yangu inaua betri kila baada ya miezi saba au minane. Fundi anasema ni alternata. (Msomaji wa Morogoro)

Shikamoo mwalimu. Kabla hujatoa fedha ya alternata, kile kifaa kinachochaji betri, fungua boneti usome maandishi juu ya betri. Gari lako lina i-stop, ule mfumo unaozima injini kwenye taa nyekundu na kuiwasha ukiachia breki. Betri inawasha gari mara nyingi kwa siku, ndiyo maana petroli iliwekewa betri maalumu iliyoandikwa Q-85. Wengi wetu ikifa tunawekewa betri ya kawaida kwa kuwa inaingia kwenye nafasi yake. Hiyo haikuumbwa kwa kazi hiyo, na ishara ya kwanza ni i-stop kuacha kufanya kazi yenyewe. Yangu ilianza hivyo mwaka juzi.

Nunua Q-85, na fundi akishaifunga mwambie aufundishe upya mfumo wa i-stop kwamba betri ni mpya. Ni kazi ya dakika chache, msimame palepale mpaka aimalize. Kama hii nayo itakufa ndani ya mwaka, hapo mpimeni alternata.