Wembe wa kukunja na ndevu zetu: ushauri kwa anayeanza kujinyoa

Katika jiji la Dar es Salaam wanaume wengi hawajinyoi ndevu, wananyolewa. Saluni za kiume zimejaa kila mtaa, kuanzia Sinza hadi Mbagala, bei zake zinavumilika, na kijana anayekunyoa huwa ameshika mashine tangu asubuhi, hivyo mtu haoni sababu ya kuhangaika peke yake mbele ya kioo. Anayeamua kujifunza kutumia wembe wa kukunja, yaani ule wembe mrefu usio na kinga ambao makali yake hulala ndani ya mpini, mara nyingi huwa anapenda vyombo vya kale, au amechoshwa na vipele vya ndevu. Mimi niliingia kwa mlango wa pili, na ninayoyaeleza hapa yanamhusu zaidi mtu wa aina yangu, mwenye ndevu zilizojikunja na shingo inayowasha kila baada ya kunyoa.

Ni vyema kuelewa kwanza vipele hivyo vinatoka wapi, kwa sababu namna nzima ya kushika wembe inategemea jambo hilo. Unywele wa ndevu uliojikunja hutoka ndani ya ngozi ukiwa tayari umepinda. Ukikatwa chini sana, ncha yake iliyochongoka hubaki chini ya usawa wa ngozi, na unapoanza kukua tena huchoma ukuta wa kitundu chake kwa ndani. Na hata ukiwahi kutoka nje, unaweza kujipinda na kurudi kuingia kwenye ngozi ya jirani. Mwili huuona unywele huo kuwa mwiba, ngozi huvimba, na uvimbe ukiisha huacha alama nyeusi. Vinyoleo vya kisasa vyenye nyembe mbili, tatu hadi tano kwenye kichwa kimoja vilibuniwa makusudi ili kukata chini kabisa: tangu Gillette walipotoa kinyoleo chao cha nyembe mbili mwaka 1971, sifa iliyotangazwa ni kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele na wa pili unaukata kabla haujarudi ndani. Mwenye nywele zilizonyooka anafaidika na jambo hilo, lakini kwa wengi wetu hapo ndipo balaa linapoanzia.

Wembe wa kukunja ni wembe mmoja tu, na pembe yake, mwelekeo wake na uzito wa mkono unaviamua wewe mwenyewe. Una uwezo wa kuacha uso laini mno, na wanaoanza wengi hupotea kwa kuutumia uwezo huo wote. Shauri langu kuu, ambalo mengine yote yanalifuata, ni kwamba uache kunyoa kabla uso haujawa laini kabisa. Pitisha wembe mara moja, ukifuata ndevu zinakolala, kisha ukipitisha kidole kinyume ukasikia ukwaruzo kidogo, ujue umemaliza. Picha za wanaume wa Ulaya wanaopitisha wembe mara tatu, ya mwisho kinyume kabisa na ndevu, zisikushawishi. Wananyoa ndevu za kwao.

Wapo ambao ningewashauri wasianze kabisa. Mwenye vipele vilivyoiva kwa sasa aziache ndevu ziote kwa wiki 3 au 4 hadi ngozi itulie. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba kila anapokatika, mwenye kisukari, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari kwanza. Na yule ambaye shingo yake haipoi hata akifanya yote yanayoshauriwa, mashine inayobakiza milimita moja ya ndevu itamfaa kuliko wembe wowote.

Kuhusu kununua, utakachokipata kwa urahisi Kariakoo ni kile kishikio cha kinyozi kinachowekwa nusu ya wembe wa kawaida, ambao huvunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Ni kisafi, hakihitaji kunolewa, na gharama yake ni ndogo. Watu hudhani kwamba hicho ndicho cha kujifunzia na kwamba wembe wenyewe wa kukunja ni wa mabingwa. Naona ni kinyume. Nusu ya wembe mpya ni kali mno, nyembamba, na kishikio chake ni chepesi, kwa hiyo kila kosa la mkono linaonekana kwa damu, ilhali wembe kamili una uzito unaousaidia mkono kutulia na makali yenye upole zaidi. Ukitaka wembe kamili, utauagiza au utamtuma mtu anayesafiri. Miji yenye sifa ya kazi hiyo ni Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa, na jina la Solingen linalindwa kisheria, kwamba halipaswi kuandikwa kwenye chombo kisichotengenezwa huko. Upana wa inchi 5/8, yaani kama milimita 16, unamtosha anayeanza. Muulize muuzaji kama wembe umenolewa tayari kwa kunyolea, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukatia karatasi tu, na ujihadhari na zile zinazong'aa sana kwa bei ya kutupa, ambazo chuma chake ni laini na hakishiki makali hata zikinolewa namna gani.

Kabla ya wembe kugusa uso, kuna mkanda wa ngozi. Hili ndilo somo lenyewe, na muda wako mwingi wa mwanzo uutumie hapa. Mkanda si wa kunolea. Kazi yake ni kunyoosha ncha ya makali ambayo hupinda kidogo kila unaponyoa. Fundi wa mikoba au wa viatu anaweza kukukatia kipande cha ngozi laini isiyo na kasoro, chenye upana wa sentimita 7 na urefu wa nusu mita, ukakitoboa upande mmoja na kukitundika kwenye kitasa cha mlango. Kivute kikaze, kwa sababu mkanda unaolegea huyaviringisha makali. Laza wembe bapa, mgongo wake na makali yake vyote viguse ngozi, kisha uusogeze mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, uugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, bila mgongo huo kuachana na ngozi hata kidogo, na urudi. Ukikosea mwelekeo, utaukata mkanda na kuyaharibu makali kwa pamoja.

Mzee mmoja kinyozi wa Ilala, aliyejifunza kazi kabla mashine za umeme hazijazagaa, ndiye aliyenisimamia katika hili. Alikuwa akiketi kwenye benchi lake huku ameniacha kwenye mlango na mkanda, akiendelea kuzungumza na wateja wake, wala hakuwa ananitazama. Alikuwa anasikiliza. Wembe uliolala sawasawa hutoa mlio mmoja mkavu kwenda na kurudi. Ukiinua mgongo kwenye kona, mlio hukatika na kuanza upya. Kila ulipokatika alisema bila kugeuka, "Umeinua, mwanangu. Taratibu, wembe haukimbii." Mpaka leo nikipitisha wembe wangu mapito 50 hivi kabla ya kunyoa, ninalifuata sikio kuliko jicho. Kwa mazoezi ya awali tumia kisu cha mezani kisicho na makali, hadi mkono ujifunze kugeuka wenyewe.

Zoezi jingine, ambalo jirani akiliona atacheka, ni la puto. Lipulize, lipake povu, kisha ulinyoe povu lote bila kulipasua. Puto halisamehi mkono mzito wala wembe uliosimama wima, na hayo ndiyo makosa mawili yanayokata uso. Lifanye kwa mikono yote miwili, maana upande mmoja wa uso utakuwa rahisi zaidi kwa mkono usiouzoea.

Ndevu zako nazo zina ramani yake. Ziache ziote kwa siku mbili, kisha chukua pamba kavu uipitishe shingoni kwa pande zote: inapoteleza ndiko ndevu zinakolala, inaponasa ni kinyume. Wengi hushangaa kukuta kwamba chini ya taya zinaelekea sikioni, na karibu na koromeo zinapanda juu, au zinazunguka kabisa. Anayenyoa shingo yote kwa kushusha wembe chini huwa anakata nusu ya shingo hiyo kinyume bila kujua, halafu anailaumu sabuni.

Sabuni yenyewe isumbue akili kidogo, lakini kwa sababu ya maji. Maji ya visima katika maeneo mengi ya jiji letu yana chumvi, na kwenye maji hayo sabuni hukatikakatika badala ya kutoa povu. Tenga nusu lita ya maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, uyapashe moto kwa ajili ya povu tu. Kuogea endelea na uliyonayo. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3, kwa kuwa unywele ulioloa hukatika kwa urahisi na ncha yake haichongoki sana, kisha paka povu zito kwa burashi. Povu likikauka usoni kabla hujafika, ongeza maji. Kwa joto letu la Januari hilo hutokea haraka.

Na unyoe usiku. Vitabu vya wenzetu husema asubuhi, lakini wao hawatoki nyumbani saa 12 kusimama kwenye foleni ya mwendokasi huku jasho likitiririka kwenye ngozi iliyokwanguliwa muda huohuo. Usiku huna haraka, na ngozi inapata saa kadhaa za kupumzika bila jasho, vumbi wala kola ya shati.

Siku ya kwanza nyoa shavu moja, au yote mawili, kisha umalizie sehemu nyingine kwa kifaa ulichokizoea. Laza wembe bapa kwenye shavu, inua mgongo hadi nafasi kati yake na ngozi iwe kama unene wa mgongo huo mara mbili, ambayo ni takriban nyuzi 30, na ushuke kwa mapito mafupi. Mkono wa pili uishike ngozi isicheze, lakini usiivute hadi ikaze kama ya ngoma, kwani ngozi iliyovutwa sana ikiachiwa huuacha unywele uliokatwa ukizama ndani, na tunarudi kulekule kwenye vipele. Wembe uende mbele tu, kuelekea upande wa makali yanakotazama. Ukiteleza kuelekea urefu wake, hata kwa milimita chache, unakata kama kisu kinavyokata nyama. Usikilize pia: wembe unaofanya kazi hutoa mkwaruzo mwembamba, na ukinyamaza huku unavuta, simama urudi kwenye mkanda. Ukikuponyoka, usiudake; rudi nyuma uuache uanguke. Mashavu yakikubali kwa wiki kadhaa, ongeza taya, kisha shingo. Kidevu na sharubu viwe vya mwisho, maana hapo ndevu ni ngumu na mfupa haulingani.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na upitishe kipande cha shabu kilicholoweshwa, lile jiwe jeupe linalopatikana kwenye maduka ya dawa za asili. Litakuambia ukweli: panapochoma sana ndipo mkono ulipokuwa mzito. Suuza tena, paka mafuta kidogo yasiyo na manukato, na spirti ya kunukia uiache.

Wembe ni wa mtu mmoja. Hili tulilizoea kulisikia kwa ajili ya Ukimwi, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi, vinaweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au hata zaidi, na tone la damu lisiloonekana linatosha. Kaka akiomba kujaribu, mwazime puto.

Unyevu wa hewa ya pwani ni adui wa chuma cha aina hii. Futa wembe hadi ukauke, pamoja na pale unapoingia kwenye mpini, upake tone la mafuta ya cherehani, na usiuhifadhi bafuni hata siku moja. Mimi nauweka kabatini ndani ya boksi lenye vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Utafika wakati mkanda hautoshi tena na wembe unaanza kuvuta. Usimkabidhi yule fundi anayepita mtaani na baiskeli akinoa visu. Gurudumu lake linafaa panga, na kwa wembe wako ataondoa katika dakika moja chuma cha miaka. Jiwe la kunolea visu nalo ni la kukwaruza mno. Makali yaliyochoka tu yanahitaji jiwe laini la daraja la 8000 au 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), lililoloweshwa, na wembe umelazwa bapa mgongo ukigusa jiwe muda wote, safari hii makali yakitangulia. Mapito kumi au kumi na tano bila kukandamiza kwa kawaida yanatosha, kisha unarudi kwenye mkanda. Ukiona pengo kwenye makali, hata dogo, jiwe hilo halitalisaidia. Panahitajika la 1000 na mkono uliozoea, na hiyo ni kazi ya kumpelekea anayeijua.