Kabla Hujampelekea Fundi Lenzi Yako ya Zamani

Ukishanunua lenzi ya zamani ya kuzungusha fokasi kwa mkono, mathalani Jupiter-3 ya enzi ya Kisovieti au Summicron ya Leica iliyotengenezwa Wetzlar, Ujerumani, picha za kwanza zikitoka na macho ya mtu yamefifia utataka kuikimbiza kwa fundi siku hiyohiyo. Subiri kidogo. Ukimwambia fundi "picha hazitoki vizuri" atabaki anabahatisha. Mwambie fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, inaangukia mbele au nyuma ya shabaha, kwa umbali gani, na kwa kiasi gani. Kulitafuta kosa hilo ni kazi yako, na ninaitilia mkazo kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Weka kamera kwenye stendi, laza rula kwa mshazari wa nyuzi 45, lenga alama moja katikati, kisha piga picha tundu la lenzi, linalopitisha mwanga, likiwa wazi kabisa. Rudia kwa mita 1, kwa mita 2 au 3, halafu kitu cha mbali kama mnara wa simu. Kila mara toa fokasi na uirudishe upya. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.5, kwa mita 1, ina takriban sentimita 3.5 tu za eneo linaloonekana kali. Ikikaa vibaya kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, fokasi inahama karibu umbali huohuo wote. Ndiyo maana fundi hurekebisha kwa washa, yaani vipete bapa vya chuma, nyembamba kama karatasi, na ndiyo maana hesabu zako zina thamani kwake.

Kisha jiulize mkosaji ni nani: lenzi au kamera? Kwenye kamera ya rangefainda, yaani yenye kifaa chake cha kupimia umbali kando ya lenzi, funga lenzi nyingine unayoiamini. Nayo ikikosa vilevile, peleka kamera. Kipimo kingine ninachokipenda sana ni kuifunga lenzi kwa adapta kwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo cha ndani, ambapo unaona fokasi moja kwa moja kwenye skrini. Picha ikitoka kali huko lakini ikakosa kwenye Leica, vioo ni vizima; kilichopotea ni maelewano kati ya pete ya lenzi na rangefainda. Hiyo ni kazi ya kurekebisha, wala haihitaji kufungua kila kioo. Kwa Jupiter hili si ajabu: ramani yake ilitokana na Sonnar ya Zeiss, kazi ya Ludwig Bertele kwa ajili ya kamera za Contax, na kipimo cha rangefainda ya Contax hakilingani na cha Leica. Isitoshe, lenzi za aina ya Sonnar huhamisha fokasi kwenda nyuma unapopunguza tundu. Kwa hiyo mwambie fundi unapiga zaidi kwa tundu gani, f/1.5 au f/2.8, ili ajue airekebishie wapi.

Peleka lenzi pamoja na kamera yako, maana lenzi iliyopimwa kwenye kamera ya mtu mwingine inaweza kukukosea wewe.

Tukija kwenye usafi, sisi wa pwani tuna adui mmoja mkubwa: kuvu. Mombasa, Tanga au Unguja, lenzi ikikaa kwenye mkoba wa ngozi kabatini kwa msimu mzima wa masika, nyuzi zake huanza kutambaa kwenye kioo. Mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi uangalie. Kuvu changa husafishika. Iliyokwisha kula tabaka jembamba la kuzuia mng'ao lililopakwa juu ya kioo huacha kovu hata baada ya kufutwa, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla ya kufungua. Anayekuahidi kusugua kioo kirudi kuwa kipya, chukua lenzi yako uondoke. Ukungu mweupe ulioenea sawasawa mara nyingi hutokana na mvuke wa grisi iliyozeeka, na huo kwa kawaida hutoka, ingawa ukiachwa muda mrefu nao hula kioo.

Usiifungue mwenyewe. Hesi za pete ya fokasi zina mianzo mingi, yaani zinaweza kuanza kushikana mahali pengi. Zikiachana bila kuwekewa alama, unaweza kuzirudisha mahali pasipo pake na lenzi isifike tena fokasi ya mbali. Nimeona lenzi nzuri zikiletwa kwa fundi kwenye mfuko wa plastiki, vipande vipande, na bei ikawa mara kadhaa ya ile ya awali.

Kabla ya kukubaliana, uliza mambo haya: bei ya kusafisha na bei ya kurekebisha ni tofauti? Anatumia kolimeta, chombo cha kuigiza kitu kilicho mbali sana, kupima fokasi ya mbali? Atatia grisi ya uzito gani? Kwa joto letu, grisi nyepesi mno huachia mafuta, yakatambaa hadi kwenye vipande vinavyofunga tundu. Piga picha ya namba ya lenzi, na omba washa za zamani zirudishwe kwako.

Ikirudi, fanya jaribio lilelile la rula siku hiyohiyo, kwa umbali uleule, ulinganishe na picha za mwanzo. Kama tofauti bado ipo, rudi kwake na picha zote mbili, udhamini ukiwa bado hai.