Kuomba nafasi ya sayansi katika shule za bweni za serikali: maswali na majibu

Uganda haina mtandao rasmi wa shule za vipaji maalumu kama ule wa Tanzania, wenye Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na shule kongwe za bweni zinazosaidiwa na serikali, na kinyang'anyiro cha kuingia humo ndicho kilichozaa maswali yafuatayo.

Mwalimu, mwanangu yuko darasa la saba na Hisabati anaiweza kuliko wenzake wote. Fomu ya kuombea Budo au Kisubi inachukuliwa wapi, na lini? (Mzazi, Arua)

Fomu haiko Budo wala Kisubi, mzazi mwenzangu; iko mezani kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanao sasa. Shule za sekondari anazozitaka mtahiniwa huandikwa wakati anapoandikishwa kwa ajili ya mtihani wa PLE, yaani wa kumaliza shule ya msingi, katika nusu ya kwanza ya mwaka, miezi mingi kabla hajaushika mtihani wenyewe. Anayengoja matokeo ya Januari ndipo aanze kuulizia amekwisha kuchelewa. Nenda shuleni mapema, uombe kuoneshwa kilichoandikwa, na ukague tahajia ya jina, jinsia na majina ya shule kabla taarifa hazijapelekwa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, kwa sababu si ajabu mwalimu mwenye watahiniwa wengi kuwajazia wote shule zilezile ili amalize kazi.

Kuhusu Hisabati, kipaji chake ni cha kufurahia, lakini peke yake hakimwingizi. PLE ina masomo manne, na kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9. Jumla bora kabisa ni 4, na daraja la kwanza huishia 12. Mtoto mwenye 1 ya Hisabati, 5 ya Kiingereza, 2 ya Sayansi na 3 ya Maarifa ya Jamii ana jumla ya 11, naye atapitwa na jirani yake aliyepata 2 katika masomo yote manne, maana huyo ana 8. Muda uliobaki autumie kwenye Kiingereza.

Nikiweka shule moja kubwa chaguo la kwanza na nyingine kubwa chaguo la pili, si nitakuwa nimejihakikishia moja kati ya hizo? (Mzazi, Tororo)

La, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopoteza nafasi za watoto wao. Shule zenye ushindani mkubwa hujaa kwa waliozitaja kwanza. Gayaza ikiwa chaguo lako la pili baada ya Namagunga, mwanao atakuwa nyuma ya foleni ya wasichana walioiweka Gayaza juu, na wengi wao wana alama kama zake au bora kuliko zake. Kwa hiyo chaguo la kwanza liwe shule anayoweza kuifikia kwa alama anazozipata kweli katika mitihani ya majaribio, si kwa alama tunazomwombea, na la pili liwe shule nzuri ya kiwango cha chini kidogo, pengine ya mkoa wenu, ambayo haina desturi ya kujaa kwa chaguo la kwanza pekee. Uliza viwango vya mwisho vya kupokelewa vya miaka miwili au mitatu iliyopita. Shule nyingi huvitoa hadharani. Kumbuka pia kwamba viwango vya wavulana na vya wasichana huweza kutofautiana hata ndani ya shule moja ya mchanganyiko. Na tafadhali, Namilyango, Kisubi na Ntare ni shule za wavulana. Naliandika hili kwa sababu bado wapo wanaowajazia mabinti zao.

Nimemaliza S.4 (kidato cha nne) kwa mtaala mpya. Sina jumla wala daraja, nina herufi tu. Shule zitanichagua kwa lipi? (Mwanafunzi, Kasese)

Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huu walifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024, na kweli madaraja ya zamani yaliondolewa. Kila somo sasa lina herufi kuanzia A hadi E, ambamo asilimia 20 inatokana na tathmini endelevu ya shuleni na asilimia 80 inatokana na mtihani wa mwisho. Maneno «Result 1» yaliyo kwenye karatasi yako yanathibitisha tu kwamba umestahili cheti; hayasemi kwamba umefaulu sana, kwani hata mwenye D moja huweza kuyapata. Kwa kidato cha tano, tegemea kupimwa zaidi kwa herufi za masomo ya kombinesheni unayoiomba, yaani masomo makuu matatu utakayoyasoma pamoja. Mwenye A ya Historia na C ya Fizikia hana hoja nzito mbele ya mlango wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati).

PCM, PCB au BCM? Kijana anataka «kitu cha sayansi» tu. (Mlezi, Jinja)

PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia; BCM ni Biolojia, Kemia na Hisabati. Muulize anataka kusomea nini chuo kikuu, kisha rudi nyuma. Kwa udaktari, masomo ya msingi ni Biolojia na Kemia. Kwa uhandisi ni Hisabati na Fizikia. Anayechukua BCM anauacha uhandisi, na anayechukua PCM anauacha udaktari, hata akipata A tupu. Mwenye Hisabati miongoni mwa masomo yake makuu huchukua Kompyuta kama somo dogo, ilhali wa PCB hulazimika kusoma Hisabati ndogo, kwa hiyo anayekimbilia PCB ili aikwepe Hisabati ataikuta inamngoja darasani.

Kombinesheni ikishajulikana ndipo itafutwe shule, na si kinyume chake. Ukipata nafasi ya kuitembelea, omba kuona maabara ya Kemia siku ya kazi ya vitendo. Tazama kama mabomba yanatoa maji, kama kila mwanafunzi ameshika bureti yake au wanne wanaizunguka moja huku mmoja akisoma vipimo na watatu wakinakili. Katika mtihani wa vitendo kila mtu hukaa peke yake, na aliyezoea kunakili vipimo vya mwenzake hujulikana mara moja. Mimi ningeichagua shule isiyo na jina kubwa yenye maabara inayotumika kila wiki kuliko shule maarufu ambayo maabara yake hufunguliwa mtihani unapokaribia.

Binti yangu amepata A ya Kiswahili. Itamsaidia kuingia PCB? (Mama, Bombo)

Hongera kwake, mama. Kiswahili ni somo la lazima katika S.1 na S.2 na la hiari baadaye, kwa hiyo aliyeendelea nalo hadi UCE amefanya vyema. Kwa PCB, hata hivyo, wachaguzi watatazama Fizikia, Kemia na Biolojia kwanza.

Shule ya serikali si bure? (Mzazi, Hoima)

Mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ulioanza mwaka 2007, unahusu shule zilizojiunga nao, nyingi zikiwa za kutwa. Shule kubwa za bweni hulipiwa mishahara ya walimu na serikali, lakini chakula, malazi na michango mingine ni juu ya mzazi. Pata muundo wa karo kwa maandishi kabla ya kujaza chaguo, pamoja na orodha ya mahitaji, kwa sababu godoro, koti la maabara, rimu za karatasi na vitabu huweza kukaribia karo yenyewe.

Kuna mtu ameniahidi nafasi nikimtumia pesa kwa simu. (Mzazi, Mbarara)

Usimtumie. Karo hulipwa benki au kwa namba ya malipo ya mwanafunzi inayotolewa na shule, baada ya barua ya kupokelewa kutoka.

Jina la kijana wangu halikutoka popote katika uchaguzi wa S.5. (Mzazi, Mbale)

Nenda naye mwenyewe shuleni ukiwa na karatasi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa na barua ya tabia njema kutoka shule aliyotoka, tena katika siku za mwanzo za kuripoti. Kila mwaka wapo waliochaguliwa ambao hawafiki, na viti vyao hugawiwa waliopo. Taja kombinesheni mnayoiomba na nyingine moja ambayo herufi zake zinaibeba, kwani mara nyingi PCM huwa imejaa huku kombinesheni nyingine ya sayansi ikiwa bado na nafasi.