Maswali na Majibu: Kulitembea Jiji la Dar es Salaam kwa Mguu wa Mwenyeji

Kila inapokaribia likizo ya Desemba, barua zinazouliza kuhusu Dar es Salaam huongezeka, na nyingi zinalenga jambo moja: namna ya kuliona jiji kama wanavyoliona wanaoishi humo, badala ya kupelekwa kwa gari la kukodi kutoka Sanamu ya Askari hadi ufukweni na kurudishwa hotelini kabla ya jua kuzama. Nimechagua maswali machache ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

Msomaji wa Mwanza: Nitakuwa Dar es Salaam kwa wiki moja na sina ndugu huko. Nianzie wapi ili nilijue jiji lenyewe, nisiishie kutazama majengo yake?

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uje na shughuli. Mwenyeji haendi Kariakoo kuitazama Kariakoo. Anakwenda kununua kitenge, kutengeneza simu au kuulizia bei ya bomba la maji, na kwa kuwa ana haja inayoeleweka, watu anaokutana nao wanajua la kumjibu. Anayezunguka bila haja hubaki mikononi mwa mawinga wanaomvuta kutoka duka hadi duka, na jioni anarudi alikofikia akiwa amechoka na hajazungumza na mtu yeyote kwa kituo.

Chagua basi haja moja au mbili za kweli. Siku ya kwanza nunua kitenge Mtaa wa Uhuru, kisha kipeleke kwa fundi cherehani aliyeweka mashine yake barazani huko Magomeni. Atakupima, mtapatana bei na siku, atakuandikia vipimo kwenye daftari lake, nawe utalazimika kurudi kujaribisha. Katika kurudi huko ndiko jiji linakofunguka. Utakuta fundi ana mteja mwingine, utasogezewa kigoda, utasikiliza mabishano ya mpira, utajua nani anauza maji ya kunywa yaliyo baridi, na mzee wa nyumba ya pili atakuuliza unatoka wapi.

Kwa malazi, tafuta nyumba ya kulala wageni iliyo safi Magomeni au Kinondoni, karibu na kituo cha Mwendokasi, maana huko utaamka katikati ya watu wanaojiandaa kwenda kazini. Magomeni ina faida nyingine kubwa. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya kudai uhuru ipo huko, na sasa ni makumbusho. Ukitoka hapo tembea mitaa ya nyuma kwa utulivu uzitazame nyumba za Kiswahili zilizosalia: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mara nyingi wapangaji wa vyumba hivyo ni familia tofauti zinazotumia ua mmoja, na mengi ya adabu ya jiji hili, kuanzia salamu hadi kuazimana chumvi, yamekuzwa katika nyua hizo. Kariakoo nayo ilijaa nyumba za namna hii kabla ya maghorofa kuzimeza, na nasikitika kila ninapoona nyingine imebomolewa.

Usijaribu kulimaliza jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika wilaya 5 za mkoa huu, na hata aliyezaliwa Temeke anaweza kupotea Tegeta. Jua mtaa mmoja vizuri, na mingine ipite dirishani.

Msomaji wa Mombasa: Nimezoea matatu za kwetu. Je, daladala na Mwendokasi vinatofautianaje, na mgeni apandeje bila kupotea?

Kwa safari ya kwanza ningekuelekeza kwenye Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Ukipanda Kimara na kwenda hadi Kivukoni, utakuwa umelikata jiji kutoka milimani hadi baharini: Ubungo na barabara zake za juu, Manzese yenye msongamano wa maduka, Magomeni, bonde la Jangwani, Fire, Kisutu, kisha Posta ya Zamani na bandari mbele yako. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, na baadhi ya mabasi hupita vituo vidogo bila kusimama, kwa hiyo soma bango la mbele kabla hujaingia.

Daladala inahitaji uzoefu kidogo zaidi, lakini ndiyo inayofika kwingi. Majina ya mwanzo na mwisho wa safari yameandikwa mbele, kama vile Tandika, Gongo la Mboto au Makumbusho, na mkanda wa rangi ubavuni hutambulisha njia. Hata hivyo mwulize konda kabla hujapanda, kwa sababu gari mbili zinazoishia mahali pamoja zinaweza kupitia barabara tofauti. Nauli huilipi mlangoni. Kaa au simama, na konda atakapokufikia akichezesha sarafu kiganjani, ndipo unampa. Mwambie mapema kwamba wewe ni mgeni na unashuka wapi, na mara nyingi yeye na abiria wa jirani watakukumbusha. Lugha ya kuomba inapokewa vizuri zaidi hapa kuliko lugha ya kuamuru, jambo ambalo wageni wengi kutoka kwenu hulitambua baada ya siku mbili.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya watalii haviwaelezi wasomaji wao. Jioni, wafanyakazi wanapomiminika vituoni, baadhi ya abiria hulidaka gari linalokuja mwisho wa safari, wakakaa ndani na kulipa nauli ya pili, ili wageuze nalo na kurudi wakiwa wameketi. Usishangae basi ukiona gari limefika kituoni na hakuna anayeshuka. Ikiwa huna haraka, ahirisha safari yako hadi saa mbili usiku, kwa kuwa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni unachukua nafasi ya mtu aliyesimama tangu asubuhi na bado anakwenda Mbagala.

Msomaji wa Dodoma: Nasikia sifa za soko la samaki la Feri. Mtu asiye mfanyabiashara anaweza kwenda? Na je, chakula cha mama lishe ni salama?

Unaweza, na nakusihi uende. Shuka Kivukoni, kituo cha mwisho cha Mwendokasi, uvuke barabara. Fika alfajiri au saa moja asubuhi, mashua zikiwa zinashusha. Mnada unafanywa juu ya meza za saruji: fungu la vibua, changu au pweza linamwagwa, mnadishaji anataja bei, na wachuuzi waliomzunguka wanapandisha kwa kidole au kwa kutikisa kichwa. Wanaonunua hapo ni watu walioamka saa tisa usiku, wengine wana ndoo zinazosubiriwa Mbagala na wengine ni mama lishe wenye wateja wa mchana, kwa hiyo simama pembeni, usizibe njia, na usitaje bei kwa kujaribu tu.

Ukitaka kununua, nenda kwa wachuuzi wa rejareja. Tazama jicho la samaki, liwe angavu na limejaa. Funua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama, irudi. Akishakuwa wako, mpe mparuaji amtoe magamba na matumbo kwa malipo madogo, kisha mpeleke upande wa wakaangaji, ambako makarai makubwa ya mafuta yanachemka juu ya moto tangu asubuhi. Beba kikapu, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Ukimaliza, panda pantoni uvuke kwenda Kigamboni na urudi. Ni safari ya dakika chache, na hakuna mahali pengine ambapo utaona jiji lote limesimama pamoja kwa namna hiyo: wanafunzi, mafundi wenye misumeno, watu wa ofisini, akina mama na matenga ya mboga, na baiskeli zilizobeba mkate.

Kuhusu mama lishe, fuata foleni. Anayepikia madereva, makuli na makarani wale wale kila siku hawezi kuwalisha kiporo, kwa maana wangemhama kesho yake. Kula mchana chakula kikiwa bado kinatoka jikoni, nawa mikono kwa maji ya birika unayomiminiwa, na ukiwa na tumbo jepesi acha kachumbari siku za mwanzo. Wali maharage na mchicha, au ugali kwa samaki wa kukaanga, utakushibisha kwa bei ambayo hotelini isingekupatia hata chai.

Msomaji aliyeko Toronto: Nilizaliwa Temeke na nikaondoka nikiwa mdogo. Nawaleta watoto wangu kwa mara ya kwanza. Kila nikifungua mdomo sokoni, bei inapanda. Nifanye nini, na watoto niwapeleke wapi?

Bei inapanda kwa sababu unaulizia kitu usichojua thamani yake, na muuzaji analitambua hilo kabla hujamaliza sentensi. Dawa yake ni kuuliza bei kwa watu wasiouza: mhudumu wa mapokezi, jirani wa kiti kwenye daladala, shangazi aliyebaki Temeke. Ukishajua kwamba pea ya kanga inauzwa kiasi fulani, taja kiasi hicho kwa upole, na ukikataliwa shukuru uondoke bila hasira. Hata hivyo usibishane hadi senti ya mwisho na mama anayeuza mafungu ya nyanya, kwa kuwa tofauti hiyo kwako ni ndogo na kwake ni nauli ya kurudi nyumbani.

Watoto wapeleke kwanza Temeke, hata kama nyumba mliyokaa haipo tena. Waoneshe ulikosoma, ulikoteka maji, msikiti au kanisa lililokuwa alama ya kuelekezea wageni. Anwani za makazi zenye namba zimewekwa miaka ya karibuni, lakini watu bado wanaelekezana kwa sheli, kwa mwembe na kwa duka la kona, na mtoto akijifunza kufika mahali kwa kuuliza hivyo, amejifunza jambo ambalo simu yake haiwezi kumfundisha.

Kisha wapeleke kwenye mpira. Klabu ya Yanga ya mwaka 1935 ina makao yake Jangwani, na Simba ya mwaka 1936 iko Mtaa wa Msimbazi, hatua chache za kutembea baina yao, na mji mzima umegawanyika kati ya njano na kijani upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa pili. Mkipata tiketi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, nendeni mapema. Mkizikosa, tafuteni kibanda umiza mtaani, mlipe kiingilio, mkae kwenye benchi pamoja na wengine mbele ya televisheni. Watoto hawatasahau.

Msomaji wa Arusha: Napenda kupiga picha za maisha ya mitaani. Je, kuna miiko?

Ipo, na ni mizito. Usipige picha za kambi, askari, bandari wala Ikulu, na kumbuka kwamba Ikulu ya Magogoni iko karibu sana na Feri, kwa hiyo ukiwa eneo hilo fikiri kabla ya kuinua simu. Watu waombe ruhusa, na wakikataa usirudie kuomba. Mama anayefua uani kwake yuko nyumbani, hata kama ua hauna mlango, na uswahilini si bustani ya maonyesho. Njia ya heshima ni kukaa kwanza: kunywa kahawa kwa muuza kahawa, ule kashata, usalimie wazee kwa shikamoo, utazame bao likichezwa hadi mwisho. Baada ya hapo mara nyingi wenyewe watauliza mbona hupigi picha, na ukipiga, watumie nakala.

Msomaji wa Iringa: Likizo yangu ni Aprili. Nisikie mvua nisije?

Njoo, lakini jipange. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ikiwa kubwa Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa na Mwendokasi ikakatika katikati. Siku kama hiyo usipange miadi mjini ikiwa umelala Magomeni au Kimara. Uliza kituoni kabla hujalipa nauli. Vaa ndala au viatu vya plastiki, simu iweke ndani ya mfuko usioingiza maji, na usikanyage dimbwi usilolijua kina, kwa sababu mitaro mingi haina vifuniko. Bodaboda kwenye mvua iache, panda bajaji, na patana nauli kabla ya kuketi. Mvua ikikukuta njiani, jibanze barazani kwa watu baada ya kubisha hodi. Hakuna atakayekufukuza, na ikikatika utaelekezwa njia isiyo na tope.