Aota imetanuka kwa uvimbe wa mishipa: kwa nini hapasuliwi kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa kike wa miaka 29 kaambiwa aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) imetanuka, halafu badala ya upasuaji kaandikiwa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Mke wangu kapita njia hiyo hiyo hapa Dar.

Ugonjwa wake uliitwa Takayasu, kwa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili inashambulia ukuta wa aota na matawi yake. Pengine mshipa unaziba, pengine ukuta unalegea na kutanuka. Huwapata zaidi wanawake chini ya miaka 40.

Alianza na homa za jioni, kukonda, na mkono wa kushoto kuchoka akifua. Zahanati zikampima malaria na taifodi, presha ikaonekana iko chini tu. Mpaka muuguzi mmoja mtu mzima alipomshika kifundo cha mkono wa kushoto akitafuta mapigo, akahamia kulia, akarudi tena kushoto. Akapima mikono yote: kushoto 90, kulia 160. Mwambie dada yako apimwe presha mikono yote miwili, na siku zote wasome ule wenye namba kubwa.

Zikafuata ESR na CRP (vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini) na CT, yaani picha, ya mishipa. Walipima pia kaswende na TB, maana nazo huharibu aota, na TB iliyojificha huweza kuamka ukianza steroidi. Kwa mazingira yetu hili msiliruke.

Sasa upasuaji. Ukuta ambao bado una uvimbe haushiki nyuzi za kushonea vizuri, na mshipa unaweza kutanuka upya pale pale ulipounganishwa. Ndiyo maana uvimbe hutulizwa kwanza, labda kama mshipa umetanuka sana, unakua haraka au unataka kupasuka. Kwa sehemu inayopanda kutoka moyoni, upasuaji huanza kujadiliwa kwenye upana wa sentimita 5.5 hivi, wakati mwingine kabla ya hapo.

Mke wangu alianza na miligramu 60 kwa siku, zikapunguzwa taratibu, akaongezewa methotrexate, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili. Hii ni MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku, na haifai kabisa kwa mimba, kwa hiyo dada yako aongee na daktari kuhusu uzazi wa mpango. Prednisolone asiikatishe ghafla hata akijisikia mzima.

ESR ikishuka msiache kurudia picha, kwani ukuta unaweza kuendelea kuharibika huku damu ikionekana safi. Tunzeni CD za CT zote ili vipimo vilinganishwe. Na maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo, usiku au mchana, ni kwenda moja kwa moja idara ya dharura.